PIPI YA BEI RAHISI: TAMU, LAKINI INA FAIDA?

Pale Sitalike, karibu na lango la Hifadhi ya Katavi, pipi za bei poa hazikosekani dukani. Wewe huwa unachaguaje? Jaribu hivi na wenzako:

1. Soma karatasi. Kinachotajwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote. Mara nyingi ni sukari. Haina tarehe ya mwisho wa matumizi? Iache.

2. Fumba macho, uonje ya chungwa na ya embe. Umeshindwa kuzitofautisha? Basi umenunua rangi, siyo tunda.

3. Piga hesabu. Pipi ngumu ya gramu 5 ni karibu kijiko kimoja cha chai cha sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilisema ni bora sukari ya kuongezwa isizidi vijiko 6 hivi kwa siku. Chai ya asubuhi umeihesabu?

4. Pima muda. Pipi isiyoisha upesi huonekana ina faida. Kumbe hapo ndipo bakteria wa mdomoni wanapata nafasi ya kutengeneza asidi inayotoboa meno!

Ukitamani pipi, ile baada ya chakula, kisha sukutua kwa maji. Ukiwa na njaa, nunua karanga.

Jadilianeni: nauli ya kwenda Mpanda kung'oa jino ingenunua pipi ngapi?