Kifo na Uhuru katika Hadithi Fupi: Nani Anaamua?

Malengo

Kufikia mwisho wa somo hili, uweze:
(a) kutofautisha kifo kama tukio na kifo kama maudhui;
(b) kueleza jinsi kifo kinavyofichua uhuru wa mhusika au ukosefu wake;
(c) kujibu swali la insha la alama 20 kuhusu maudhui haya.

Utangulizi

Anza na jambo unalolijua. Mwislamu akifariki Msambweni alfajiri, mara nyingi ikifika alasiri watu wamekwisha kurudi kutoka makaburini. Jirani aliyetoka bara kuja kufanya kazi katika hoteli za Diani akifariki, mara nyingi watu wa kwao hukutana Ukunda, huchanga pesa, na maiti huvushwa Likoni kuanza safari ya mamia ya kilomita. Kila upande una sababu zake, na hatuko hapa kuamua desturi ipi ni bora. Jiulize swali moja tu: marehemu mwenyewe alitaka nini, na neno lake lina uzito gani sasa ambapo hawezi kulirudia?

Swali hilo ndilo ufunguo wa somo hili.

Kifo si maudhui mpaka ukihusishe na jambo

Watahiniwa wengi huandika hivi: "Hadithi hii ina maudhui ya kifo kwa sababu Otii anakufa." Hilo ni tukio. Ili lifikie kiwango cha maudhui, uliza maswali matatu:

1. Kabla ya kifo, mhusika alikuwa na uhuru gani wa kujiamulia?
2. Kifo kinampa nani uhuru, na kinamnyang'anya nani?
3. Mwandishi anatuonyesha gharama gani, na ni nani anayeilipa?

Tutayatumia maswali haya katika hadithi mbili kutoka diwani ya *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda, kisha tutazilinganisha na hadithi moja ya kale kutoka Marekani.

"Nizikeni Papa Hapa" (Ken Walibora)

Otii ni mwanakandanda hodari anayeishi Mombasa, mbali na kwao. Ana uhuru wa kijana mwenye jina mjini. Rafiki yake anamwonya kuhusu mwanamke aliyempenda, lakini anapuuza. Baadaye anaugua, anadhoofika, na nguvu zilizompa sifa uwanjani zinamtoka. Anapokaribia kufa, amebaki na uhuru mmoja tu: kusema azikwe wapi. Anataka azikwe papo hapo alipoishi. Kichwa cha hadithi ni wosia wake.

Watu wa jamii yake hawaukubali wosia huo. Kwao, mtu huzikwa kwao. Wanausafirisha mwili, na msafara unapata ajali njiani. Watu waliokuwa hai wanapoteza maisha yao.

Zingatia mambo mawili. Kwanza, kuna kinaya: wale waliotaka kumlaza marehemu kwa heshima ya mila wanaleta misiba mingine juu ya msiba wa kwanza. Pili, mwandishi hamfanyi Otii kuwa malaika. Alipokuwa na uhuru mwingi, hakuutumia vyema. Alipobaki na uhuru kidogo na kuutumia kwa busara, wengine waliupuuza. Ukiyataja yote mawili, jibu lako litakuwa na kina.

Hadithi na historia ya Kenya

Mgogoro wa aina hii si wa kubuni tu. Wakili S. M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mkewe, Wambui Otieno, alitaka kumzika karibu na Nairobi, akisema ndivyo mumewe alivyotaka. Ukoo wake wa Umira Kager ulishikilia kwamba Mjaluo azikwe kwao. Kesi ilidumu miezi kadhaa na kufuatiliwa nchi nzima. Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi, na Mei 1987 marehemu akazikwa Nyalgunga, Siaya.

Usiandike katika mtihani kwamba hadithi inasimulia kesi hii. Itumie kuelewa kwamba msomaji wa Kenya anapoisoma "Nizikeni Papa Hapa", analijua tayari swali lake: mwili wa mtu ni wa nani?

Ulinganisho: Kate Chopin, 1894

Mwaka 1894, Mmarekani Kate Chopin alichapisha hadithi fupi sana kuhusu Bi. Mallard, mwanamke mwenye ugonjwa wa moyo. Analetewa habari kwamba mumewe amekufa katika ajali ya garimoshi. Analia, kisha anajifungia chumbani, anaketi dirishani na kutazama miti inayochipua. Pole pole analitambua jambo linalomtisha: kuanzia sasa maisha yake ni yake mwenyewe. Mume hakuwa mkatili. Hata hivyo, katika ndoa hiyo mke hakuwa akijiamulia. Uhuru wake unadumu muda mfupi tu. Mume anaingia mlangoni akiwa mzima, na mke anaanguka na kufa. Madaktari wanasema ameuawa na furaha. Msomaji anajua sivyo.

Linganisha sasa. Kwa Otii, kifo kinamaliza uwezo wa kutetea uamuzi wake. Kwa Bi. Mallard, habari ya kifo ndiyo inayomfungulia mlango, na uhai wa mume ndio unaoufunga. Katika hadithi zote mbili, watu waliobaki wanamsemea marehemu: jamii inasema inajua mahali pake pa kulala, madaktari wanasema wanajua kilichomuua. Wote wanakosea.

"Mtihani wa Maisha" (Eunice Kimaliro)

Hadithi hii inakugusa wewe moja kwa moja. Samueli anaenda kwa mwalimu mkuu kuchukua matokeo yake ya mtihani wa kidato cha nne na kukuta ameanguka. Baba yake ameuza ng'ombe ili kulipa karo. Dada zake wamefaulu. Samueli anaiona aibu mbele yake na hajui jinsi ya kurudi nyumbani. Anaenda bwawani akitaka kufa, lakini hafi.

Samueli anadhani kifo ni uhuru: kitamwondolea macho ya baba, maneno ya majirani na karatasi ya matokeo. Mwandishi anakataa. Kichwa kinatueleza kwamba mtihani mkubwa si ule wa darasani. Mtu aliyekufa hawi huru na aibu, kwa sababu hayupo wa kuwa huru. Na deni la huzuni analiacha kwa wazazi. Kuwa huru kwa Samueli ni kuweza kusema, "Nimeanguka," na bado akaendelea kuishi.

Kumbuka pia makosa ya watu wazima katika hadithi hii. Kijana anayelinganishwa na wenzake kila siku hujifunza kwamba thamani yake ni alama zake. Na ikiwa fikra kama za Samueli zimewahi kukujia, usizibebe peke yako. Mwendee mwalimu wa ushauri nasaha, mzazi, shangazi au mtu mzima unayemwamini, umweleze leo.

Swali la mfano

"Kifo hufichua nani aliye huru na nani asiye huru." Thibitisha kwa kurejelea "Nizikeni Papa Hapa" na "Mtihani wa Maisha". (alama 20)

*Kiunzi cha jibu:*
- Utangulizi: eleza uhuru kama uwezo wa kujiamulia na kubeba matokeo ya uamuzi.
- Otii akiwa hai: anaonywa, anapuuza, uhuru bila tahadhari.
- Otii akiwa mgonjwa: wosia kama uhuru wa mwisho.
- Jamii: inavunja wosia, mila inashinda matakwa ya mtu binafsi, ajali na kinaya chake.
- Samueli: anafungwa na matarajio ya familia; anakosea kukiona kifo kama njia ya kutoka.
- Samueli kunusurika: nafasi ya kuanza upya.
- Hitimisho: toa msimamo wako. Je, mtu aweza kuwa huru peke yake, bila watu wa kumsikiliza?

Kila hoja iwe na tukio mahususi kutoka hadithini. Hoja isiyo na tukio haina mguu wa kusimamia.

Mazoezi

1. Tambua kinaya kimoja katika kila hadithi uliyosoma hapa na ueleze umuhimu wake.
2. Muulize mzee mmoja wa kwenu kama wosia wa marehemu kuhusu maziko huheshimiwa daima. Andika aya moja ukilinganisha jibu lake na yaliyompata Otii.
3. "Jamii ya Otii ilitenda kwa upendo." Jadili pande zote mbili.