Chupa za Pombe Hupasuka kwa Nini?

Pombe ya asali ikikaa katika kibuyu haina matata, maana mdomo wa kibuyu hupumua. Siku hizi wengi huitia katika chupa na kukaza kifuniko. (Wa kuuza wakumbuke kwamba sheria ya mwaka 2010 yataka leseni.)

Hamira, hata ile iliyomo katika muratina, ni kitu hai. Hula sukari, na kila gramu ya sukari hutoa karibu nusu gramu ya gesi. Katika mtungi gesi hujiendea zake. Katika chupa haina njia, nayo husukuma kioo usiku na mchana.

Ninyi wa Kinangop jihadharini zaidi. Huko, zaidi ya meta 2,400 juu ya bahari, baridi huilaza hamira kabla haijamaliza sukari. Mtu huona povu limekwisha, akadhani pombe imeiva, akajaza chupa. Akizipeleka arusini Thika, joto huiamsha hamira, na vigae vyaweza kumtoa mtoto jicho. Basi kabla ya kujaza, weka mtungi karibu na meko siku mbili. Povu likianza tena, ngoja. Ukipenda povu katika chupa, sukari ya kuongeza ni gramu 6 kwa lita, yaani kijiko cha chai kimoja na nusu, bila kilima.

Tumia chupa zilizokuwa za bia au soda, si za maji ya matunda. Tena jaza moja ya plastiki kutoka mtungi ule ule: ukiibonyeza na kuiona ngumu kama jiwe, jua zile za kioo nazo zimejaa gesi.

Je, zikiisha kujaa? Usizitikise wala kuzibeba zikiwa na joto. Zifunike kwa magunia yenye maji, watoto wakae mbali, uziache mpaka alfajiri. Baridi hutuliza gesi. Vaa koti zito na miwani, funga mikono kwa gunia, viringisha blanketi kwenye chupa, geuza uso. Inua ukingo wa kifuniko kidogo tu mpaka usikie gesi ikilia, kisha ukibane. Rudia jioni, na kesho yake. Ikiwa povu halikomi, mimina zote katika mtungi wenye kitambaa mdomoni, inywewe upesi kabla haijawa siki. Chupa iliyopata ufa usiiguse kwa mkono. Isukume shimoni kwa mti mrefu.