Kuhamisha Kazi za Video kutoka Kompyuta Kuukuu hadi Mpya

ELIMU KWA MKAZI: TEKNOLOJIA NYUMBANI

Hapa Mishomoroni na mitaa mingine ya Kisauni ni jambo la kawaida kukuta kazi ya kuhariri video ikifanywa nyumbani. Chumba kimoja, meza, kompyuta na spika mbili zinatosha kuigeuza harusi, maulidi au mahafali kuwa video ya kuwekwa na familia. Mwenye kazi anaweza kuwa kijana anayejitafutia riziki, au mama aliyejifunza kuunganisha vipande vya video za watoto wake.

Kompyuta nayo huzeeka. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10, na wengi wenye mashine za zamani wamelazimika kutafuta nyingine. Swali ni hili: utahamaje na kazi zako zote bila kupoteza hata moja? Harusi hairudiwi ili ipigwe picha upya, na mzee aliyefariki hatarudi mbele ya kamera. Kwa hivyo, somo hili tulisome polepole.

Kwa nini mradi hukataa kufunguka

Chukua mfano wa mpiga video anayenakili faili ya mradi kwenye flashi, akaifungua kwenye kompyuta mpya, akakuta skrini nyekundu na maneno kwamba video hazipatikani. Faili haikuharibika. Kilichotokea ni kwamba alihamisha karatasi ya mapishi akaacha chakula.

Faili ya mradi, iwe ya Adobe Premiere Pro, Shotcut au Kdenlive, kwa kawaida haina video ndani yake. Ni maelezo tu: chukua kipande fulani kwenye folda fulani, kianzie dakika ya pili, kikatwe dakika ya tatu, kiwekewe wimbo ule. Ndiyo maana faili hiyo ni ndogo sana, ilhali video za harusi moja hujaza diski. Mapishi ya pilau hutaja mchele, nyama na bizari, lakini ukibeba karatasi peke yake utalala njaa.

Maelezo hayo pia hutaja mahali. Kama video zilikuwa D:\Harusi\Kamera1, programu itazitafuta hapo hapo. Kompyuta mpya ikiipa diski yako herufi E badala ya D, programu itasema haioni kitu, hata kama video zote zipo.

Kila kazi ya video basi ina sehemu nne:

1. Video asilia kutoka kwenye kamera au simu.
2. Faili ya mradi.
3. Vikolezo: nyimbo, picha, sauti, fonti za maandishi na programu ndogo za kuongeza madoido.
4. Video iliyokamilika, ile aliyokabidhiwa mteja.

Zipo pia faili za muda ambazo programu hujitengenezea ili ifanye kazi haraka, ziitwazo kashe. Hizo ziache. Kompyuta mpya itajitengenezea zake.

Kabla ya kuchomeka waya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari uandike kila kazi: jina, mwaka, ilipo, na ukubwa wake. Mara nyingi video hutawanyika. Nyingine ziko kwenye meza ya skrini, nyingine kwenye folda ya vilivyopakuliwa, nyingine zimebaki kwenye kadi ya kamera.

Kisha, ukiwa bado kwenye kompyuta kuukuu, toa video kamili ya kila mradi katika muundo wa MP4. Hata mradi ukikataa kufunguka baadaye, video yenyewe utakuwa nayo. Jambo hili ni la lazima kwa waliotumia Windows Movie Maker. Microsoft iliiondoa programu hiyo tarehe 10 Januari 2017, na miradi yake haifunguki kwenye programu nyingi za sasa.

Wenye kanda ndogo za MiniDV nao wasifanye haraka kuiuza mashine ya zamani. Kanda hizo huhamishwa kwa waya wa FireWire, na kompyuta nyingi mpya hazina tundu lake. Zinakili kanda kwanza. Saa moja ya MiniDV huchukua takribani GB 13, basi kanda 20 za saa moja zinahitaji nafasi ya GB 260.

Hatua za kuhamisha

Hatua ya kwanza: kusanya. Tengeneza folda moja kwa kila kazi, na ndani yake folda ndogo za video asilia, mradi, sauti, picha, fonti na video iliyokamilika. Programu nyingine hukusaidia. Premiere Pro ina Project Manager, inayokusanya kila kitu kilichotumika na kukinakili mahali pamoja. DaVinci Resolve huweza kutengeneza kifurushi chenye mradi pamoja na video zake. Ukizihamisha video kwa mkono, ufungue mradi palepale kwenye kompyuta kuukuu, uuelekeze kwenye folda mpya, kisha uuhifadhi.

Hatua ya pili: tayarisha diski ya nje. Flashi na diski nyingine huja na mpangilio wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia GB 4. Video ndefu ya harusi hupita kipimo hicho kwa urahisi, na kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno hata kama nafasi ipo tele. Tumia mpangilio wa exFAT, unaosomwa na Windows na Mac. Kumbuka kwamba kubadilisha mpangilio hufuta kila kilichomo kwenye diski. Hakikisha ni tupu kabla ya kuanza.

Hatua ya tatu: nakili, usihamishe. Tumia amri ya kunakili na uache video asilia mahali pake. Ukikata na kubandika, kisha stima ipotee au waya uchomoke katikati, unaweza kubaki na kazi iliyogawanyika pande mbili. Kama kompyuta ni ya mezani, ichomeke kwenye betri ya akiba. Kama ni laptopu, ijaze chaji na uzime mpangilio wa kujilaza yenyewe.

Pangia muda wa kutosha. Kwa tundu la zamani la USB 2.0, lenye mwendo wa takribani MB 30 kwa sekunde, GB 500 huchukua kama saa nne na nusu. Kwa USB 3.0 na diski yenye mwendo wa MB 100 kwa sekunde, ni kama saa moja na nusu. Faili ndogo ndogo nyingi huongeza muda.

Hatua ya nne: linganisha. Bofya folda ya kompyuta kuukuu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague Properties, uandike idadi ya faili na ukubwa wake kwa baiti. Fanya hivyo kwa nakala pia. Tarakimu zisipolingana, nakili folda hiyo upya. Zikilingana, bado fungua video chache na uziangalie mwanzo, katikati na mwisho.

Hatua ya tano: sakinisha programu, fonti na madoido kwenye kompyuta mpya. Ikiwezekana, anza na toleo lile lile la programu ulilokuwa ukitumia. Toleo jipya kwa kawaida hufungua mradi wa zamani na kuubadilisha. Ukishaubadilisha, toleo la zamani huenda lisiufungue tena. Fanyia kazi nakala ya mradi. Kama programu ni ya kulipia, ondoka kwenye akaunti katika mashine kuukuu ili leseni isikatae upande wa pili.

Hatua ya sita: fungua mradi mmoja kwanza. Programu ikiuliza video ziko wapi, ielekeze kwenye folda mpya. Mara nyingi ukishaionyesha faili moja, zilizobaki kwenye folda hiyo huzipata yenyewe. Pitia kazi nzima ukitazama maandishi, sauti na mahali picha zinapobadilishana. Ikiwa sawa, endelea na nyingine.

Nakala tatu

Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni rahisi: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwekwe mahali tofauti. Kwetu sisi maana yake ni kompyuta mpya, diski ya nje, na nakala nyingine iliyo mbali na nyumba, kwenye hifadhi ya intaneti au kwa ndugu anayeishi Likoni au Changamwe. Si rahisi moto, mafuriko au mwizi kufika nyumba zote mbili siku moja. Hewa yetu ya bahari ina unyevu na chumvi. Weka diski kwenye kisanduku kinachofunga vizuri, na uifungue kila baada ya miezi michache uone kama ingali inasomeka.

Kompyuta kuukuu isitoke na siri za watu

Hapa ndipo wengi hukosea. Harusi za Pwani zina sherehe za wanawake peke yao, hasa usiku wa kupamba. Mama na dada zetu huvua mabuibui, hujipamba na kucheza wakijua hakuna jicho la mwanamume asiyewahusu. Anayezipiga picha sherehe hizo amepewa amana. Akiiuza kompyuta yenye video hizo, amana imetoka mkononi mwake na hawezi kuirudisha.

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Anayehifadhi video za familia yake kwa matumizi ya nyumbani tu sheria hiyo haimbani, lakini anayefanya biashara ana wajibu wa kuzilinda. Aliyedhulumiwa anaweza kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Data.

Kufuta faili na kumwaga pipa la takataka hakutoshi, kwani kwa programu za kawaida faili nyingi huweza kufufuliwa. Kwenye Windows 10 na 11, tumia Reset this PC, uchague kuondoa kila kitu, kisha uwashe chaguo la kusafisha diski. Huchukua saa nyingi, na ndivyo inavyopaswa. Kama kompyuta imekufa kabisa, diski yake hutolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine kwa kasha la USB. Ukimpelekea fundi, kaa naye mpaka amalize, na urudi na diski yako.

Usiifute mashine kuukuu siku hiyo hiyo. Fanya kazi na mpya kwa wiki mbili au tatu kwanza, maana kilichosahaulika hujulikana kinapohitajika.

Jipime

Kabla ya kuiaga kompyuta kuukuu, jiulize: Je, kila kazi iliyo kwenye daftari imefunguka kwenye kompyuta mpya? Je, kila moja ina video iliyokamilika? Je, nakala ya tatu iko nje ya nyumba hii? Je, video za wateja zimesafishwa kwenye diski inayouzwa? Ukijibu ndiyo mara nne, uza kwa amani. Jibu moja likiwa hapana, mwambie mnunuzi asubiri.