Dondoo muhimu: Wawili barabarani, Thika hadi Ndithini

Ondokeni Thika alfajiri kwa barabara ya Garissa, bila haraka. Pandeni Ol Donyo Sabuk (mita 2,145) jua halijawa kali. Kaburi la mlowezi William Northrup McMillan, aliyefariki 1925, liko mlimani humo.

Uwanda wa Yatta ndio uliolea zabibu za mvinyo wa Kenya uitwao Yatta. Kabla ya kwenda shamba lolote, pigeni simu kwanza. Chupa ifunguliwe mkishafika mnakolala.

Na hili nalisisitiza: dereva asionje hata tone. Sheria inaruhusu mikrogramu 35 tu za pombe katika mililita 100 za pumzi, na bilauri mbili zaweza kuivuka. Siku ya pili badilishaneni usukani.

Bebeni maji mengi. Ndithini kuna joto.