Umeme Unaishia Wapi? Somo Nililolipata Chini ya Boneti ya Datsun

Ukipita nyumbani kwetu Igoma utakuta uani Hiace mbili zimepandishwa juu ya mawe, Probox isiyo na mlango, na nyuma yake gari dogo jekundu lililopauka mpaka limefanana na tofali. Hiace na Probox ni za wateja. Hizo ndizo zinazotulisha, na ndizo zilizonilipia ada mpaka kidato cha sita. Lile jekundu ni Datsun 1600 SSS ya marehemu babu. Lilikaa miaka 14 bila kuwaka.

Wengi wetu tukisikia Datsun tunafikiria pikapu ya kubeba mchanga. Hili ni jingine. Ukilitazama utadhani ni gari la karani mpole: milango minne, umbo la boksi. Ila lina kabureta mbili, breki za diski mbele, na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja linacheza peke yake likikutana na shimo. Mbio za East African Safari, zilizoanza mwaka 1953 kwa kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, mwaka 1970 zilishindwa na Edgar Herrmann akiendesha Datsun 1600 SSS. Mwaka uliofuata akashinda tena, safari hii kwa Datsun 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda kwa 240Z pia. Babu hakuwahi kushindana na mtu. Alikuwa karani wa pamba aliyependa kufika Magu kabla ya basi.

Baada ya arobaini yake, baba mkubwa alikuja kutoka Dar na hoja moja: uwanja ni mdogo, wateja wanakosa pa kuegesha, gari liuzwe chuma chakavu. Mnunuzi alishafika, akalizunguka mara mbili akiligonga gonga kama anachagua tikiti maji. Bamdogo, mwenye gereji, hakubisha sana, maana hata yeye kila asubuhi analisukuma kupisha Hiace. Mimi ndiye niliyeomba muda. Nikapewa mpaka mwisho wa Agosti. Likiwaka lenyewe bila kuvutwa, linabaki.

Tatizo ni kwamba Agosti nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha huko Magu, Fizikia na Hisabati. Kwa hiyo kila Ijumaa jioni napanda daladala kurudi Igoma, na Jumapili jioni narudi kituoni. Na nyumbani kazi za wateja hazisubiri. Gari la mtu anayelaza watoto njaa likisimama haliwezi kungoja gari la kumbukumbu. Datsun lilipata saa zilizobaki, yaani kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwa tochi ya simu.

Bodi haikuwa mbaya kama tulivyoogopa. Ziwa letu ni la maji baridi, na upepo wake haubebi chumvi inayoharakisha kutu kama upepo wa Tanga au Dar. Kutu tuliyoikuta ni ya maji ya mvua yaliyoingia kwenye mpira wa kioo cha mbele yakatuama chini ya zulia. Sakafu upande wa dereva unapitisha ngumi. Hiyo tuliiacha, kwa sababu makubaliano yalikuwa kuwaka, siyo kupendeza. Tukasafisha tangi na kabureta, tukabadilisha oili, tukaizungusha injini kwa mkono kwanza kuhakikisha pistoni hazijaganda.

Tukapiga stata. Injini inazunguka, haishiki.

Sasa hapa nikafanya ujinga wa kisomi. Nilijua cheche hakuna, kwa hiyo nikachukua shilingi 60,000 za bumu nikanunua plagi nne na koili. Nikafunga. Kimya. Wiki hiyo kule Magu nilikula ugali na dagaa mchana na usiku, na sikuwa na wa kumlaumu.

Jumamosi iliyofuata Bamdogo alitoka chini ya Hiace akiwa na grisi mpaka masikioni, akaniuliza:

"Mwalimu, umeme unafika wapi, na unaishia wapi?"

"Bamdogo, nimeshabadilisha koili."

"Sijakuuliza umebadilisha nini."

Akanipa balbu ya indiketa iliyofungwa nyaya mbili, akarudi chini ya Hiace yake.

Ngoja nieleze mfumo, maana ndio kiini cha makala hii. Umeme wa voti 12 kutoka kwenye betri unapita kwenye waya mnene uliozungushwa ndani ya koili, unatoka upande wa pili, unapita kwenye pointi na kuishia kwenye bodi. Ukipita, koili inakuwa sumaku. Pointi zikiachana, njia inakatika, usumaku unaporomoka ghafla, na kuporomoka huko kunazalisha maelfu ya voti kwenye waya mwembamba wenye mizunguko mingi zaidi. Hizo ndizo zinazoruka kwenye plagi. Injini ya silinda nne inahitaji cheche mbili kila inapozunguka mara moja. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika ni cheche 100 kila sekunde.

Haya yote nilikuwa nimeyafundisha Jumatano ya wiki ileile! Kidato cha nne, sumaku-umeme, Faraday, mwaka 1831. Nilichora sumaku inayoingia kwenye koili, wanafunzi wakanakili, nikauliza "mmeelewa?", wakajibu "ndiyo" kwa sauti moja. Nikaridhika.

Nikagusa balbu upande wa koili unaopokea: ikawaka. Upande unaotoka kwenda kwenye pointi: ikawaka. Pointi zikiwa zimeachana, sawa, inatakiwa kuwaka. Nikazungusha injini mpaka zikagusana. Bado inawaka. Hapo nikakaa chini. Kama zimegusana, umeme ulitakiwa kuteremka moja kwa moja kwenye bodi na balbu izime. Kumbe zimegusana kwa macho tu. Katikati kuna utando wa miaka 14. Umeme haukupita, kwa hiyo usumaku haukuwepo, kwa hiyo hakukuwa na kitu cha kuporomoka. Koili ya zamani ilikuwa nzima muda wote.

Dawa ilikuwa kipande cha msasa laini na upana wa nusu milimita kati ya pointi, ambao Bamdogo aliupima kwa ganda la kiberiti.

Jumatatu nilibeba ile koili ya zamani, kondensa, plagi na betri ya pikipiki mpaka darasani. (Ukijaribu, waya mnene ukae mbali na mikono, na petroli isiwe karibu. Mimi ulinipiga mara moja, inatosha.) Nikaunganisha: hakuna kitu. Nikaachanisha: cheche ya bluu, tak! Nikauliza kwa nini inatokea ninapokata na siyo ninapounganisha. Kimya kirefu, na safari hii sikukijaza. Binti mmoja wa nyuma, ambaye majaribio yake nilikuwa nimezoea kuyasahihisha kwa huruma, akasema: "Kwa sababu ukikata inapotea haraka kuliko ilivyokuja." Hakutumia neno hata moja la kwenye kitabu. Halafu nikaanza kuwauliza wengine yale maswali ya Bamdogo, nikagundua nusu ya darasa walikuwa wamekwama mbali nyuma: hawakuwa na uhakika kwamba umeme lazima uwe na njia ya kurudi. Tulirudi huko. Mkaguzi wangu aliandika kwamba nimechelewa kwenye mpango wa kazi, na ni kweli nilichelewa.

Datsun liliwaka Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa mbili usiku, kwa moshi uliowatoa majirani nje. Baba mkubwa alisikilizishwa kwa simu. Akauliza kama breki zinashika. Hazishiki.

Kwa hiyo bado sakafu, breki na rangi. Wiki hii limesukumwa tena mpaka ukutani, maana kuna Hiace ya Buhongwa imeletwa gia boksi ikiwa chini, na mwenyewe anaitaka barabarani kesho alfajiri.