Kabla Hujachimba, Una Haki ya Kujua Kilichofukiwa

Barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo, ya kilomita 256 hivi, inapita kijiji cha Mkwaja wilayani Pangani, na barabara ikishafika kijijini majembe hayapumziki: huyu anachimba msingi wa duka, yule shimo la choo, mwingine mtaro wa kutoa maji ya mvua uani. Umeme vijijini kwetu hupita juu ya nguzo, lakini bomba la maji liko ardhini, na mkongo wa mawasiliano hufukiwa kandokando ya barabara kuu. Tumezoea kuambiwa tuulize kabla ya kuchimba kana kwamba tunaifanyia hisani mamlaka ya maji. Mimi nasema kuuliza ni haki ya mchimbaji kwanza. Aliyefukia ndiye mwenye ramani, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma imjibu mwananchi aliyeomba taarifa ndani ya siku 30.

Wapo watakaosema: shamba langu, nimelirithi kwa babu, nimwombe nani ruhusa? Hoja hii ina uzito, kwani Ibara ya 24 ya Katiba ya Tanzania inalinda mali ya mtu, na haruhusiwi yeyote kuichukua bila sheria inayoweka fidia inayostahili. Kwa hiyo kama bomba limepitishwa kwako bila wewe kushirikishwa wala kulipwa, una dai, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inalitambua. Lakini dai hilo hupelekwa kwa barua na barazani. Ukilikata bomba, kitongoji kizima kinakosa maji, na Ibara ya 27 ya Katiba hiyo hiyo inamtaka kila mtu alinde mali ya umma. Tena pima kwanza: kwa barabara kuu na za mikoa, eneo la hifadhi ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara, na humo huchimbi bila kibali hata kama mnazi uliopo ulipandwa na babu yako.

Pingamizi zito zaidi ni la umbali. Ofisi ziko Pangani mjini, masika yanakaribia, nani atasubiri mwezi mzima kwa ajili ya shimo la choo? Nakubali, huu ni mzigo usio wa haki. Marekani tangu 2007 mtu hupiga namba moja, 811, na wenye nyaya na mabomba huja kuweka alama ardhini bila kumtoza. Kwetu kila shirika lina mlango wake. Kila ofisi ya kijiji ingepaswa kuwa na nakala ya ramani za miundombinu iliyofukiwa katika eneo lake, na wananchi wana haki ya kulidai hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sasa anzia kwa mtendaji wa kijiji na kwa chombo cha watumia maji. Mara nyingi fundi aliyelaza bomba yuko kijijini hapo hapo. Ukiuliza RUWASA, wakala wa maji vijijini, au TANROADS, wakala wa barabara, andika barua nakala mbili, moja igongwe muhuri na ibaki kwako.

Karatasi hiyo ina kazi mahakamani. Kosa la jinai la kuharibu mali linahitaji makusudi, na dai la madhara mara nyingi husimama juu ya uzembe. Aliyeuliza kwa maandishi na kujibiwa kuwa hapana kitu ana utetezi. Aliyechimba kimyakimya hana cha kuonyesha. Utetezi huo haukuondolei tahadhari: ukikuta utepe wa plastiki au mchanga wa rangi tofauti na udongo wa hapo, simamisha kazi na utoe taarifa. Na usidhani kwamba ukimpa kibarua jembe umemkabidhi na lawama. Chini ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, mwajiri ndiye anayewajibika kwa usalama wa anayemfanyia kazi, kwa hiyo swali la kilichomo ardhini ulijibu wewe kabla hajashuka shimoni.