Kabla Hujaua Mshipa wa Jino, Iulize Picha Maswali

Jino limekukeshesha, eksirei imepigwa, daktari anakuonyesha vistari vyeusi kwenye skrini: mifereji ya ndani ya mizizi ndiyo hiyo. Huenda ndiyo yote. Huenda siyo.

1. Jua kwamba unatazama kivuli. Picha ya kawaida hulilaza bapa jino lenye unene. Mfereji wa upande wa shavu na wa upande wa ulimi ikipangana, utaona mmoja tu, kama watu wawili waliopanga foleni ukiwatazama kwa mbele. Mfereji ulioonekana, upo. Usioonekana, bado hujajua.

2. Kwa gego la kwanza la juu, ulizia mfereji wa nne. Jino hili huwa na mizizi mitatu, na ni rahisi mtu kuhesabu mifereji mitatu akaridhika. Lakini ule mzizi wa mbele upande wa shavu mara nyingi una miwili, na wa pili ni mwembamba, umejibanza nyuma ya mwenzake. Usiposafishwa, bakteria hubaki humo, na jino “lililotibiwa” laweza kuanza kutoa usaha hata baada ya miaka. Hapo lawama zote huliangukia jino, likang'olewa! Kwamba mifereji hujificha si jambo jipya: mtafiti Walter Hess wa Zurich alijaza mpira ndani ya meno yaliyokwisha kung'olewa, kisha akayayeyusha kwa asidi. Kilichobaki ni umbo la mifereji yenyewe, yenye matawi na vichochoro vya kila namna. Kazi hiyo ilichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1925, na hadi leo inawatia adabu wanaoamini picha moja. Na usidanganywe na udogo wa meno ya mbele ya chini: mengi tu yana mifereji miwili.

3. Omba picha ya pili, ya mshazari. Mashine ikisogezwa kidogo kando, mfereji uliojificha hujitokeza. Mbinu hii ni ya tangu 1910: kilichohama kuelekea ilikohamia mashine kiko upande wa ulimi, kilichokwenda kinyume kiko upande wa shavu. Mionzi ya picha ndogo moja ni kama ile ya asili unayoipata kwa siku moja hivi, kwa hiyo hofu isikuzuie. Ukiwa mjamzito, sema mapema.

4. Chungulia mstari mweusi. Ukikatika ghafla katikati ya mzizi, yawezekana mfereji umegawanyika.

5. Usishangae ukining'iniziwa waya mdomoni. Tundu la mwisho wa mfereji mara nyingi haliko kwenye ncha ya mzizi; hutokea pembeni, kabla kidogo. Picha peke yake hukosea urefu huo, ndiyo maana daktari makini hutumia pia kifaa cha umeme chenye waya huo, kinacholia kila sindano yake inapokaribia mwisho.

6. Picha ya pande tatu si ya kila mtu. Inakata jino vipande vipande kwenye skrini na kufichua mengi, ila bei yake imechangamka na mionzi yake ni zaidi. Iombe pale jino lililotibiwa linapokataa kupona, au daktari anaposhuku umbo lisilo la kawaida. Nayo ina udhaifu wake: kofia ya chuma au ujazo hurusha miale inayoharibu picha palepale unapotaka kuona.

7. Picha “safi” isikunyamazishe. Ugonjwa unaweza kuwa tayari unakula mfupa kwa ndani bila alama yoyote, mpaka ufikie ganda gumu la nje. Kama bado unaumwa, daktari aligonge jino, alipime kwa baridi, abonyeze fizi. Picha zako zitumwe kwenye simu yako, uzitunze, kisha mwaka mmoja baada ya matibabu rudi upige nyingine kwa pembe ileile. Ukibadilisha pembe, hutajua kama doa la ugonjwa kwenye mfupa limepungua au limejificha tu.